Ukoo wa Waandishi Uliomezwa na Forbes

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na kwa walioniuliza kama nimeacha kublogu, jibu ni la. Nilikuwa nimejificha kwa aibu. Leo nitaisema aibu yenyewe, kisha nitawapeleka mbali kidogo, hadi kaunti ya Sligo kaskazini magharibi mwa Ayalandi, maana huko ndiko nilikoelewa nilikosea wapi. Mtanivumilia, hadithi ni ndefu.

Chama kimoja cha akiba na mikopo (sitakitaja, kosa lilikuwa langu) kilinipa kazi ya kuhamisha orodha ya wanachama kutoka kwenye vitabu vya zamani na faili kadhaa za Excel hadi kwenye hifadhidata moja. Mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi hii anajua balaa lake. Mtu mmoja kaandikwa mara tatu. Hapa ni Njoroge, pale ni Njorogi, kwingine karani alichoka akaandika Njoro na nukta.

Nikaandika programu ya kuunganisha rekodi zinazofanana. Masharti yalikuwa manne: jina la kwanza lisikike sawa, jina la ukoo liwe lile lile, sanduku la posta liwe lile lile, na rekodi mojawapo iwe haina namba ya kitambulisho. Ijumaa jioni nikaiwasha nikaenda zangu. Jumatatu orodha ilikuwa fupi na safi, nami nikajipiga kifua.

Mwezi Januari mama mmoja akaja kuomba mkopo wa karo. Akaambiwa hana akaunti. Hisa za miaka kumi na mmoja, hazionekani! Yeye ni Wangari. Ndugu ya mumewe ameoa Wanjiru. Jina la ukoo moja, boma moja, sanduku la posta moja, na kadi ya zamani ya Wangari haikuwa na namba ya kitambulisho. Programu yangu ikaamua kwamba hawa ni mtu mmoja, ikambakiza Wanjiru.

Nilipoitwa ofisini, yule mama aliniuliza swali moja tu: "Kijana wangu, ni nani alikuambia mimi ni Wanjiru?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Kulitenganisha lile fungu la hisa kulichukua wiki tatu, na mwanawe alikaa nyumbani wiki hizo tatu huku wenzake wakisoma.

Jibu la swali lake ni Soundex. Hii ni mbinu ya zamani ya kutafuta majina kwa sauti. Robert Russell na Margaret Odell wa Marekani walipewa hataza zake mwaka 1918 na 1922, na katika miaka ya 1930 ikatumika kupanga fahirisi za sensa za Marekani. Unaacha herufi ya kwanza ilivyo, unatupa irabu, kisha konsonanti zinageuzwa tarakimu. N ni 5, R ni 6, na G, J, K, C na S zote ni 2. Ukifikisha tarakimu tatu unakoma. Sasa tazameni:

Wangari: W526
Wanjiru: W526
Wangeci: W522
Wanjiku: W522

Mnaona? Hata mtoto wa chekechea hachanganyi Wangari na Wanjiru. Lakini mbinu hii ilitengenezwa kwa sikio la Mmarekani wa enzi zile, na kwa sikio hilo ng na nj ni kelele moja. Mimi, mzaliwa wa hapa hapa Kenya, nikaichukua jinsi ilivyo nikawapima nayo mama zangu.

Nikaanza kusoma jinsi wengine walivyoteseka na majina. Kila nilikogeuka nikakutana na Waayalandi. Kwanza wana ugonjwa wetu wa ritifaa. Kama umewahi kuona fomu ya mtandaoni ikimkataa Ng'ang'a au Ng'eno, unajua ninachosema. Katika SQL ritifaa ndiyo inayofunga maneno, kwa hiyo programu iliyoandikwa kwa uzembe ikifika katikati ya Ng'ang'a hudhani jina limekwisha. O'Dowd naye hufia hapo hapo. Tofauti ni kwamba ritifaa yetu ni ya halali, inabeba sauti. Ile ya O'Dowd haimo katika Kigaeli chenyewe. Jina ni Ó Dubhda, na ritifaa ilikuja na uandishi wa Kiingereza.

Hiyo Ó maana yake ni mjukuu au uzao wa fulani, na Mac ni mwana wa fulani, kama arap kwa Wakalenjin, ole kwa Wamaasai au bin kule pwani. Lakini tahadhari! O ya Otieno au Obama ni jambo lingine kabisa. Mnakumbuka Mei 2011, Rais Obama alipozuru kijiji cha Moneygall, alikotoka Falmouth Kearney, babu yake wa vizazi vitano nyuma upande wa mama? Alitania kwamba amekuja kuitafuta ritifaa ya jina lake iliyopotea njiani. Watu walicheka kwa sababu wote walijua kwamba jina lile limetoka Nyanza, na ule uhusiano wa damu na Moneygall uko ndani ya jina tofauti, Kearney, ambalo yeye halibebi. Shikeni jambo hilo, tutalirudia: majina kufanana si udugu, na udugu hauhitaji majina yafanane.

Sasa twende Sligo. Kati ya milima ya Ox na bahari kuna ukanda wa ardhi uitwao Tireragh, kwa Kigaeli Tír Fhiachrach, nchi ya uzao wa Fiachra. Watawala wake walikuwa hao akina Ó Dubhda. Na kama kila mtawala wa Kigaeli, walikuwa na ukoo wa wanahistoria, kazi ya kurithishana baba kwa mwana: kutunza nasaba, sheria na mipaka ya ardhi. Ukoo huo uliitwa Mac Fhirbhisigh. Makao yao yalikuwa Lecan, karibu na mji wa Enniscrone. Jina lenyewe huelezwa kuwa limetokana na fear bisigh, yaani mtu wa neema au wa ongezeko.

Hawakuwa watu wadogo. Kati ya 1397 na 1418, Giolla Íosa Mac Fhirbhisigh na wasaidizi wake waliandika Kitabu Kikuu cha Lecan, ambacho leo kimehifadhiwa katika Royal Irish Academy mjini Dublin. Miaka zaidi ya mia mbili baadaye akaja Dubhaltach Mac Fhirbhisigh. Huyu ndiye aliyenikamata moyo. Vita vya Cromwell vilipokuwa vinaiteketeza Ayalandi, yeye alikuwa Galway akiandika. Sehemu kubwa ya Kitabu Kikuu cha Nasaba aliiandika mwaka 1649 na 1650. Nani alimzaa nani, ukoo kwa ukoo, nchi nzima. Kwa lugha yetu ya kazi, alikuwa anatengeneza nakala ya akiba wakati mashine inawaka moto. Hatimaye Nollaig Ó Muraíle aliuhariri mswada wote, ukachapishwa kwa majuzuu matano kuanzia mwaka 2003.

Dubhaltach mwenyewe aliuawa Januari 1671, mzee, huko huko Sligo, mahali paitwapo Doonflin. Alikufa maskini. Ule mpangilio uliowalisha mababu zake ulikuwa umevunjika, na akina Ó Dubhda wamepoteza ardhi.

Je, jina lake liko wapi leo? Ukilitafuta Mac Fhirbhisigh kwenye ramani ya majina ya Ayalandi utapata karibu patupu. Watu hawakufa wote. Jina ndilo lililobadilishwa. Makarani wasiojua Kigaeli waliandika kile masikio yao yalichozoea, na jina la Kiingereza lililokaribia lilikuwa Forbes. Dubhaltach ikageuzwa Dudley, Mac Fhirbhisigh ikawa MacFirbis, kisha Forbes. Ukoo uliotunza majina ya Ayalandi nzima ukapotelea ndani ya jina la watu wengine.

Nasema la watu wengine kwa sababu Forbes ni ukoo mkubwa wa Uskoti, uliopata jina kutokana na ardhi ya Forbes huko Aberdeenshire. Na Waskoti hao nao walifika Ayalandi. Masultani wadogo wa Granard katika kaunti ya Longford, yaani ma-Earl, ni akina Forbes wa asili ya Kiskoti, na mji wa Newtownforbes unabeba jina lao. Kwa hiyo ukichora ramani ya akina Forbes wa Ayalandi utakuwa umechora makundi mawili yasiyohusiana, moja juu ya lingine, kwa rangi moja.

Kama mnavyonijua, sikuweza kujizuia. Nikaliingiza jina kwenye ile Soundex yangu:

MacFirbis: M216
Firbis, bila Mac: F612
Forbes: F612

Ukiacha Mac, mbinu inampoteza ndugu. Ukiiondoa Mac, inampata ndugu, lakini inamleta pamoja na Mskoti wa Aberdeenshire asiyemjua. Na hiyo F inayoshikiliwa kama nguzo? Katika Mac Fhirbhisigh haitamkwi! Kigaeli huilainisha F baada ya Mac katika jina kama hili, na fh haina sauti kabisa. Tena dada yake si Mac, ni Nic Fhirbhisigh, na mkewe ni Mhic Fhirbhisigh. Nyumba moja, herufi za mwanzo mbili, mbinu inaona watu wa mbali.

Basi wanaotafuta mababu zao hufanyaje? Hapo ndipo nilipojifunza. Hawaamini safu moja. Wanaanza na mahali: Forbes wa Tireragh anastahili kuangaliwa kuliko Forbes wa Longford. Wanatazama sensa za 1901 na 1911, ambazo ziko mtandaoni bure, na zina safu ya dini na safu ya nani anazungumza Kigaeli. Mzee Forbes wa pwani ya Sligo anayezungumza Kigaeli ni dalili. Dalili tu, si uthibitisho. Kisha wanarudi kwenye vitabu vya kodi ya ardhi vya Griffith, vilivyochapishwa kati ya 1847 na 1864, na kwenye madaftari ya parokia. Kazi ni ngumu kwa sababu jumba la kumbukumbu za umma la Dublin liliteketea Juni 1922 wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na humo ziliungua karibu sensa zote za 1821 hadi 1851. Zile za 1861 hadi 1891 serikali yenyewe ilikuwa imekwisha kuziharibu.

Nilipofika hapo nikafunga kompyuta nikakaa kimya. Yule karani aliyeandika Forbes hakuwa na nia mbaya. Alitaka orodha safi, kama mimi. Alikuwa na jina gumu mbele yake, foleni ndefu nje, na jina rahisi kichwani. Lakini mwenye jina akitoka pale, wajukuu wake hawarudi tena kuwa wajukuu wa waandishi wa Lecan. Mimi nilikuwa karani yule, ila nilifanya kazi yake usiku mmoja kwa watu mia kadhaa bila hata kuwatazama usoni.

Angalau Wangari alikuwa hai, akaja akabisha mlango. Ni wangapi wangekuja wajukuu zao baada ya miaka hamsini, wakaambiwa nyanya yao hakuwahi kuwepo?

Kwa hiyo, wenzangu mnaoandika programu, haya ndiyo niliyobadilisha:

1. Jina linahifadhiwa kama mwenyewe alivyoliandika, pamoja na ritifaa yake. Silisafishi.

2. Jina lililorekebishwa kwa ajili ya kutafuta linakaa kwenye safu nyingine, na halifuti la kwanza kamwe.

3. Soundex nimeitoa. Kipimo changu sasa kinatenganisha ng na nj, na majina ya Kip na Chep nimeyapa kanuni zake.

4. Programu haiunganishi watu tena. Inasema tu "huenda hawa ni mtu mmoja", na karani anampigia mwanachama simu kuuliza.

5. Kila badiliko lina njia ya kurudi nyuma, na limeandikwa nani alilifanya na lini.

Orodha ya chama sasa ni ndefu zaidi na ina uchafu kiasi. Meneja alilalamika. Nikamwambia uchafu mwingine ni watu.

Wiki iliyopita nilikutana na yule mama kwenye stendi ya matatu. Nikamsalimu, "Shikamoo mama Wangari." Akanitazama kidogo, akacheka: "Marahaba. Kumbe leo unanijua."

Haya, tuonane tena hivi karibuni. Na ukiwa na programu yako inayounganisha majina usiku, ebu nenda ukaizime kwanza.