Sehemu Saba Nilizochomelea

Mnunuzi alifika Izigo saa nne asubuhi, akitokea Bukoba mjini alikolala. Alitoa shikamoo, akapokea kahawa za kutafuna alizoletewa na mke wangu kwenye kisahani, akazitafuna taratibu kama mtu wa Kagera, ingawa kwao ni Arusha. Kisha akavua koti, akatandika gunia, akalala chali chini ya gari. Rangi hakuiangalia kabisa. Nikamheshimu tangu hapo.

Gari lenyewe lilikuwa Land Rover pikapu, Series III ya mwaka 1974, ile ndefu ya inchi 109 kutoka ekseli hadi ekseli, injini ya petroli ya sisi 2,286. Nililinunua mwaka 2017 kwa mama mmoja mjane wa huku Muleba. Banda la mumewe lilianguka katika tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, ukuta ukalalia boneti. Kwa miezi kadhaa kuku walitaga kwenye kiti cha dereva. Mama yule aliniambia, "Fundi, lichukue kabla watoto hawajaliuza kwa wanunua vyuma chakavu."

Lakini siwezi kusimulia nilivyoliuza hilo bila kusimulia nililouza kwanza.

Ufundi nilijifunza katika gereji moja ya Bukoba mjini kuanzia mwaka 1983, nikiwa na miaka 17. Enzi hizo Land Rover lilikuwa gari la kazi: la bwana shamba, la padre, la watu wa kahawa. Tulizijua kwa sauti kabla hazijakata kona. Jambo la kwanza nililofundishwa ni kwamba Land Rover humdanganya mtu machoni. Ilipozinduliwa Amsterdam, Aprili 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma kwa sababu ya Vita vya Pili vya Dunia, basi bodi wakaitengeneza kwa alumini, chasisi ikabaki ya chuma. Kwa mvua za huku kwetu, gari linaweza kuwa na mlango mzima na ubavu ulionyooka, huku chini mifupa imeoza hata bisibisi inapita. Na pale alumini inapokutana na chuma, penye unyevu, alumini huliwa ikawa unga mweupe. Ukiugusa unabaki kwenye kidole kama chokaa.

Jambo la pili nililofundishwa, na hili sikupaswa kulishika, ni kuficha. Kutu unaikwangua kidogo, unajaza fila, unapiga msasa, unapaka rangi nyeusi. Dakika arobaini, mteja anaondoka anacheka.

Mwaka 1991 niliuza gari langu la kwanza mwenyewe, pikapu ya namna hiyohiyo, kwa mfanyabiashara wa ndizi. Chasisi yake ilikuwa imeoza nyuma ya springi ya kushoto. Nilijua. Nikajaza fila. Wiki ya tatu, akipanda kutoka Muhutwe kwenda Kamachumu na mzigo wa mikungu, chasisi ikakatika. Mungu alimhurumia, akavunjika mfupa wa bega tu. Mikungu yote ikaishia korongoni.

Alikuja gereji mkono ukiwa umefungwa shingoni kwa kanga. Hakupaza sauti. Alitoa kwenye kikapu kipande cha chuma chenye urefu wa kiganja, akakiweka juu ya meza yangu ya vaisi. Kwa nje kilikuwa cheusi, kinang'aa. Kwa ndani niliona fila yangu ya kijivu, na alama za kidole changu pale nilipoibonyeza. Akasema, "Waitu, hiki ni chako." Akaondoka. Nilimlipa kwa misimu miwili ya kahawa ya kibanja cha baba yangu, na baba alikufa bila kujua kahawa ile ilikwenda wapi. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo gari la yule mama nilipolivua bodi, nilichukua chaki. Kila sehemu ya chasisi iliyolia vibaya nilipoigonga kwa nyundo, niliizungushia duara. Zilikuwa saba: mikono minne ya pembeni inayobeba bodi, boriti ya nyuma, na sehemu mbili karibu na springi. Nilikata uozo mpaka nikafika kwenye chuma kinachotoa cheche safi, nikachomelea bamba jipya. Spea nyingine nilizitoa Mwanza, nyingine Nairobi, nyingine nilisubiri mwaka mzima. Kazi ilinichukua miaka 6, kwa sababu niliifanya jioni, baada ya magari ya watu.

Oktoba 2024 Arusha wakafanya tamasha la Land Rover, msafara wa kuvunja rekodi ya dunia iliyokuwa Ujerumani, na ghafla kila dalali akakumbuka namba yangu. Mmoja alinishauri kwa nia njema, "Mzee, paka nyeusi chini yote. Nani atalala chini ya gari?" Nikamjibu kwamba wa kununua gari hili ndiye atakayelala.

Nilikuwa nimezipaka zile sehemu saba rangi ya kijivu, tofauti na sehemu nyingine za chasisi, na kuziandika namba. Kijana wa Arusha alizihesabu moja moja kwa tochi ya simu. Kwenye ya tatu, nyuma ya springi ya kushoto, akakaa muda mrefu.

"Mzee wangu, hii mbona mshono wake si kama nyingine?"

"Hiyo niliirudia, mwanangu. Mara ya kwanza haikushika vizuri. Ukiona ufa utaanzia hapo."

Tukapanda hadi kwenye rweya, yaani mbuga ya nyasi, umande bado haujakauka. Nikamwonyesha vijiti viwili vya foo wili. Kile cha kirungu cha njano unakibonyeza, magurudumu ya mbele yanaungana na ya nyuma ukiwa kwenye gea za mwendo. Kile chekundu unakivuta gari likiwa limesimama, unaingia gea nzito na foo wili inakuja yenyewe. Alipovuta chekundu akapanda kilima taratibu bila kugusa klachi, aliacha kuongea kabisa.

Tulikubaliana shilingi milioni 18. Alitaja 20 mwenyewe nikamrudisha, kwa ajili ya ile ya tatu. Kwenye mkataba wa mauziano nilitaka sehemu saba ziandikwe, kila moja na mahali ilipo. Mwandishi wa mkataba alinitazama, akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia aandike. Kisha tukaenda kubadilisha kadi, na fungu nililomtengea yule mama mjane nikampelekea jioni ileile, pamoja na ufunguo wa zamani wa mumewe, ambao aliuomba.

Siku ya tatu simu iliita usiku. Kijana wa Arusha alikuwa Singida, amelala njiani, mvua inasikika juu ya bati.

"Mzee, niko chini ya gari," akasema. "Nina tochi. Naitazama ile ya tatu."

Nikangoja.

"Imekaa."