Jumamosi Moja Twende na Watoto

Kahawa imekwisha kuchumwa. Mahindi yako ghalani. Mvua bado hazijaanza. Huu ndio wakati ambao mkulima wa Mbozi hupata nafasi ya kupumua kidogo. Wewe hupumzika kibarazani na wenzako. Je, watoto wako wanapumzika wapi?

Mimi ni bwana shamba. Nimekaa wilaya hii ya Mbozi kwa zaidi ya miaka 15. Nimepita vijiji vingi nikifundisha kupogoa kahawa na kupanda mahindi kwa mistari. Siku moja binti yangu wa darasa la nne aliniuliza, "Baba, mwalimu anasema wilaya yetu ina kimondo. Umekiona?" Niliona haya. Sikuwa nimekiona. Nimepita njia ile mara nyingi kwa pikipiki, wala sikusimama.

Basi mimi na mama watoto tukapatana. Tukasema, Jumamosi moja hatutakwenda shambani wala mnadani. Tutakwenda na watoto. Nataka kukueleza tuliyoyaona, ili nawe uende. Nataka pia kukueleza kosa nililofanya, ili wewe usilifanye.

KIMONDO CHA NDOLEZI

Kimondo cha Mbozi kiko kijiji cha Ndolezi, kwenye mteremko wa kilima cha Marengi. Ukitoka Nanyala unashika barabara kuu ya kwenda Tunduma, halafu unaiacha na kuingia barabara ya vumbi. Ni mbali kwa miguu ya mtoto. Sisi tulikuwa kaya tatu. Tulichanga nauli, tukakodi gari dogo. Kwa kuwa tulikuwa wengi, gharama haikumlemea mtu mmoja.

Kimondo ni nini? Ni jiwe lililotoka juu, mbali kuliko mawingu, likaanguka duniani. Vimondo vingi vidogo huungua angani, navyo ndivyo tunavyoviona usiku vikipita kama mshale wa moto. Hiki kilikuwa kikubwa mno, hakikuungua chote.

Kina urefu wa kama mita 3 na kimo cha kama mita 1. Uzito wake unakisiwa kuwa tani 16. Nilimwambia binti yangu apige hesabu. Gunia moja la mahindi ni kilo 100. Basi kimondo kile ni sawa na magunia 160. Mkulima gani kati yetu ana ghala la magunia 160?

Na si jiwe kama mawe ya mtoni. Ni chuma. Ukikigawa mafungu kumi, mafungu tisa hivi ni chuma kama cha jembe lako. Fungu lililobaki, karibu lote, ni madini yaitwayo nikeli. Watoto walikigusa kwa viganja. Walisema ni baridi, na ni laini kuliko walivyodhani.

Mwaka 1930 mpima ardhi mmoja, W. H. Nott, aliandika habari zake, na wataalamu wa nchi nyingine wakakijua. Lakini wenyeji walikuwa wakiishi karibu nacho tangu zamani. Mwaka huo huo kilikatwa kipande kidogo kwa msumeno wa chuma ili kichunguzwe. Kazi ya kukata kipande cha sentimita 10 hivi ilichukua saa 10. Alama za kukatwa bado zinaonekana.

Zamani sehemu kubwa ya kimondo ilikuwa imezikwa ardhini. Watu walichimba udongo kukizunguka, wakaacha nguzo ya udongo chini yake, kisha wakaiimarisha kwa saruji. Ndiyo maana leo kinaonekana kama kimewekwa juu ya meza. Kilianguka lini? Ni zamani sana. Shimo lake lilikwisha kufukiwa na udongo, na wazee hawana masimulizi ya siku kilipoanguka.

Mwanangu wa kiume aliuliza kama wazee walifua majembe kutoka katika kimondo. La. Wazee wa Kinyiha walikuwa mafundi hodari wa chuma, lakini walikipata chuma chao kwa kuyeyusha mawe yenye chuma katika matanuru ya udongo. Kama nyumbani kwako yuko babu au bibi anayekumbuka habari za matanuru hayo, mwombe awasimulie watoto jioni mkirudi. Safari ikiisha hivyo, imekamilika.

Neno moja la onyo. Kimondo ni mali ya taifa na kinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Usikikwaruze. Usiandike jina. Usijaribu kuvunja kipande. Kila mgeni akichukua kidogo, wajukuu wetu watakuta nguzo tupu. Na pale getini kuna kiingilio. Uliza bei kabla ya safari, ili usije ukageuzwa na watoto wakalia.

MAJI MOTO YA SONGWE

Safari ya pili tulikwenda karibu zaidi, kwenye maji moto, ukishuka kutoka Nanyala kwenda bonde la mto Songwe.

Hapa mfundishe mtoto jambo ambalo hata watu wazima hulikosea. Mito iitwayo Songwe iko miwili. Mmoja unapita mpakani mwa nchi yetu na Malawi, nao unaingia Ziwa Nyasa. Huu wetu wa Nanyala unakwenda upande mwingine kabisa, nao unaingia Ziwa Rukwa. Jina ni moja, lakini maji hayakutani.

Maji yanapataje moto bila kuni? Maji ya mvua huzama ardhini mpaka chini sana. Sehemu zetu ziko katika Bonde la Ufa, ambako ardhi ina nyufa ndefu. Huko chini kuna joto kali. Maji yakipata moto hupanda tena kwa kupitia nyufa hizo. Yakipanda hubeba chokaa, na yakifika juu huiacha. Chokaa hiyo hugeuka mawe meupe unayoyaona pale. Mawe ya chokaa ya bonde hili ndiyo yanayotumiwa na kiwanda cha saruji cha Songwe. Basi huenda nyumba uliyoijenga kwa saruji ilianzia katika maji kama hayo.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipokosa.

Binti yangu alikuwa amefunga yai katika kitambaa. Alitaka kuliivisha katika maji. Sote tulikuwa tunatazama yai. Mdogo wake, wa miaka mitano, alikuwa nyuma yangu. Alivua viatu akataka kuingia kuogelea, kwa kuwa aliona maji yametulia kama ya kisimani. Hayakuwa yakitoa povu. Mama mmoja mwenyeji, aliyekuwa akipita na mzigo wa kuni, aliutupa mzigo wake akamdaka mkono. Mtoto alikuwa amebakiza hatua moja.

Yule mama hakunigombeza. Aliniambia tu, "Baba, yai hilo likiiva, na mguu wa mtoto ungeiva." Sikuwa na la kujibu. Yai lilipotoka lilikuwa limeiva kweli. Sikuweza kulila.

Sehemu nyingine za chemchemi hizo joto hufikia nyuzi 80 hivi. Maji ya kuchemka jikoni hukaribia 100. Ngozi ya mtoto haiwezi kuvumilia. Kwa hiyo shika sheria hizi:

Kwanza, nendeni na mwenyeji anayejua mahali pa kukanyaga. Ukingo wa chokaa unaweza kuwa mwembamba ukavunjika.

Pili, kila mtoto mdogo awe na mtu mzima mmoja wa kumshika mkono. Si kumtazama, ni kumshika.

Tatu, mtoto asivue viatu.

Nne, mtu akiungua, mwagia palipoungua maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta wala unga. Kisha mpeleke zahanati. Kwa hiyo beba dumu la maji safi ya baridi.

MAPANGO YA POPO

Katika mawe ya bonde hilo kuna mapango yenye popo wengi. Watoto hupenda kuingia. Mimi nasema, tazameni kutoka nje. Mwaka 2023 ugonjwa wa Marburg uliua watu katika mkoa wa Kagera. Virusi vya ugonjwa huo hukaa katika aina ya popo wanaokula matunda na kulala mapangoni. Sisemi kwamba popo wa Songwe wana ugonjwa huo. Nasema tu kwamba vumbi la kinyesi cha popo si kitu cha kumvutisha mtoto. Jioni popo wakitoka, mtawaona wakiwa mbali, na itatosha.

KABLA YA KUONDOKA

Beba chakula cha nyumbani. Viazi vitamu, mahindi ya kuchemsha na karanga vinatosha. Beba maji ya kunywa. Rudini na takataka zenu. Msipande bodaboda watu wanne. Barabara yetu kuu ina malori mengi ya kwenda Tunduma mchana na usiku, kwa hiyo mtoto asivuke peke yake, na mrudi nyumbani kabla ya giza.

Ndugu msomaji, usiseme safari ni mambo ya wenye mali. Wageni hutoka nchi za mbali kuja kukiona kimondo chetu. Sisi tuko hapa hapa. Watoto wetu hutujua kama watu wa kuwatuma maji na kuni. Siku moja kwa mwaka, watujue kama watu wa kuwaonyesha nchi yao. Tukiwashika mkono vizuri siku hiyo, wataikumbuka.

MASWALI

1. Kimondo cha Mbozi kina uzito sawa na magunia mangapi ya mahindi?
2. Mto Songwe wa Nanyala unaingia ziwa gani?
3. Kwa nini maji yaliyotulia yanaweza kumdanganya mtoto?
4. Karibu na kijiji chako kuna mahali gani pa kuwaonyesha watoto? Ni hatari gani zilizopo hapo?