Sahani Moja Kule Nundu

Ukitoka Uvira kwa barabara ya kusini, ukapita Makobola, ziwa Tanganyika likiwa mkono wa kushoto na milima ya Itombwe mkono wa kuume, utafika Nundu, pale penye hospitali ya Wamethodiste Huru. Wewe unayeishi kampi ya wachimbaji, uliyezoea kula haraka kabla ya zamu, kila mtu na sahani yake, hapa keti vizuri. Chakula cha Nundu hakipendi haraka.

Kwanza maji. Mtoto wa nyumba atakuja na birika, sabuni na beseni. Mgeni ananawa wa kwanza, kisha wazee. Acha maji yamwagwe juu ya mikono yako. Usitumbukize vidole ndani ya beseni walimonawia wengine. Zamani wengi wetu tulifanya hivyo, na wa mwisho alinawa uchafu wa wote. Kandokando ya ziwa hili, Uvira, Nundu mpaka Fizi, kipindupindu hurudi mara kwa mara. Na Ebola ilipofika Mwenga mwezi wa 8 mwaka 2019, hata malewa za Kivu ziliweka ndoo yenye robine mlangoni.

Kisha bugali ya muhogo, yenye kutoa moshi, katika sahani moja kubwa, na sombe, na mukeke. Unamega, unaviringa, unatia shimo kwa kidole gumba, unachota sombe. Uma haufai kitu hapa, kwa maana bugali inanata. Na mfupa wa mukeke, vidole vinauona kabla ya ulimi. Lakini usifikiri kwamba kula kwa mkono ni kula ovyo! Mkono wa kuume tu. Kula upande wako. Kichwa cha samaki kilichoelekea mzee, kiache. Zamani Wabembe walikuwa na lubunga, nyumba ya wanaume, ambamo wake walileta vyungu vyao, na mgeni asiye na ndugu kijijini alikula humo pamoja na wenyeji.

Sasa nikupe jambo nililoliona. Katika nyumba niliyofikia, kijana alikuwa amerudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Misisi. Alipopita Baraka alinunua sokoni katoni nzima ya uma, visu na vijiko, zawadi kwa mama yake. Jumapili, baada ya ibada, akapanga vyote mezani, wageni wakiwapo. Baba yake, mzee wa kanisa, akashika uma. Bugali ikaanguka mara ya kwanza. Ikaanguka mara ya pili, watoto wakacheka. Kijana akasema polepole: “Papa, bantu ba kisasa banakulaka hivi.” Mzee akaweka uma chini, akasema ameshiba. Hakuwa ameshiba. Jioni nilimwona mama akimpelekea chakula nyuma ya jiko.

Kijana hakuwa mbaya. Haya ile tumeirithi. Mwaka 1948 serikali ya Wabelgiji ilianza kutoa kadi kwa Wakongomani iliowahesabu kuwa wamestaarabika, na mwaka 1952 ikaleta cheo cha juu zaidi. Aliyekiomba alitembelewa nyumbani: watu wa tume walitazama jiko, meza, vyombo, na namna mke na watoto wanavyokula. Patrice Lumumba mwenyewe alikubaliwa mwaka 1954, baada ya kukataliwa kwanza. Na katika kampi za Union Minière huko Katanga, wake za wafanyakazi walifundishwa kutandika meza. Ndivyo uma ulivyotufikia, kama mtihani wa kuonyesha nani ni mtu. Nao Waingereza je? Mwaka 1611 Thomas Coryat aliandika juu ya uma alizoziona Italia, na kwao walimcheka kwa kuutumia. Na Bwana wetu usiku ule wa mwisho alichovya katika bakuli moja na wanafunzi wake, hata na yule aliyemsaliti.

Lakini tusiisifu sahani moja kupita kiasi. Mtoto wa miaka 2 akila pamoja na kaka zake, nani anajua alipata tonge ngapi? Wakubwa wana mkono mrefu, naye anabaki na mchuzi. Ndiyo sababu wauguzi wa lishe huwaomba mama wampe mtoto mdogo sahani yake mwenyewe, wakae naye mpaka amalize.

Nilimwuliza mama wa nyumba ile atafanya nini na katoni. Akanijibu: “Mimi sikukatala sahani. Nilikatala baba yao achekwe.” Kesho yake asubuhi vijiko vilikuwa mikononi mwa watoto, wanakula uji. Kisu kimoja kilikuwa kinakata vitunguu. Uma zilirudi katika katoni, juu ya kabati. Na saa ya bugali ilipofika, alikuwa yule kijana wa Misisi aliyeshika birika, akimmwagia baba yake maji.