Daftari la Mama

Baba alifariki mwaka 1998 bila kuambiwa anaugua nini. Daktari alimwita kaka yangu mkubwa kando, akamweleza kuwa ni saratani ya koo, na tangu siku hiyo nyumba nzima ikawa inasema "vidonda". Uji wake ulizidi kufanywa mwepesi, na hata huo ulipomshinda tulimwambia dawa itashika tu. Nadhani alijua, akatusaidia kudanganya. Tulipomaliza kumzika ndipo maswali yakaanza: hati ya shamba iko wapi, nani anatudai, mpaka wa baba mdogo unapita wapi. Kesi ya mpaka ilikula bonasi zetu za majani chai kwa miaka.

Kwetu Tetu, Nyeri, ukizungumzia kifo cha mtu aliye hai ulionekana unamtakia. Waliotikisa mambo ni watu wa Ihithe, au tuseme mmoja wao. Wangari Maathai, aliyewahi kuwa mbunge wetu, alifariki tarehe 25 Septemba 2011, na wenzake wa shirika lake la Green Belt Movement wakatangaza wazi kwamba ni saratani. Kisha tukasikia aliacha maagizo: usikatwe mti kwa ajili ya jeneza lake. Likasukwa la magugu-maji na mafunjo juu ya fremu ya mianzi, na tarehe 8 Oktoba akachomwa Kariokor, Nairobi. Pale kituo cha majani chai wazee walihamaki: mama wa watu anachomwaje? Mama yangu aliuliza moja tu.

"Alisema mwenyewe?"

Ndiyo.

"Basi yamekwisha."

Mwaka 2017 gavana wetu, Nderitu Gachagua, naye alifariki London kwa saratani ya kongosho. Kufikia hapo ugonjwa huo ulikuwa ukitajwa hata katika maombi ya kanisani.

Zamu ya Mama ilipofika, ilikuwa saratani ya titi. Daktari alinitazama mimi. "Baba," Mama akaniambia, maana nimepewa jina la babake, "mwambie azungumze nami." Jioni akanituma daftari la shule, akaanza kunisomea niandike. Muuza mayai anamdai shilingi mia nne. Ng'ombe mwenye madoa ni wa dada yangu, aliyerudi nyumbani ndoa ilipovunjika, na asiulizwe na mtu. Pesa za chama ziende karo ya mjukuu. Shamba lisiuzwe hata hatua moja kulipia mazishi. Hema moja. Azikwe kando ya Baba ("Wangari ni Wangari, mimi nizikeni"). Mhubiri apewe nusu saa.

Wauguzi wa Nyeri Hospice walitufundisha kumpimia morfini ya maji, na kila maumivu yalipolegea aliongeza ukurasa. Mmoja una majina ya watu wasioruhusiwa kutoa hotuba, huo siunukuu.

Kamati ya mazishi ilitaka hema la pili. Kaka alifungua daftari, akasoma, hema likarudishwa. Mhubiri naye alisomewa kipengele chake, akacheka sana, akahubiri saa nzima.