Mwalimu wa Kiingereza, Kiswahili Kitakuvusha

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza katika sekondari moja hapa Mikocheni. Nimewahi kuvuka bahari kwa kazi hii, nikafundisha chuo kikuu Marekani kisha nikarudi. Tangu hapo walimu vijana wananifuata ofisini na swali lilelile: nitapataje kazi ya kufundisha Kiingereza nje? Nawajibu kwa yale niliyoyapitia.

Tuanze na pasi. Zipo nchi zinazotazama uraia wako kabla ya kukupima unavyofundisha. Korea Kusini, kwa mfano, viza yake ya walimu wa Kiingereza imewalenga raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ayalandi, Australia, Nyuzilandi na Afrika Kusini. Mtanzania hayumo, hata awe na shahada ya uzamili. Kwa hiyo dalali akikuahidi kazi hiyo Seoul na kudai "hela ya kufungua faili", usimpe hata senti.

Njia niliyopita mimi ni Fulbright FLTA, programu ya serikali ya Marekani. Inachukua walimu vijana wa Kiingereza kutoka nchi mbalimbali na kuwapeleka vyuoni kufundisha lugha za kwao kwa mwaka mmoja wa masomo. Mtanzania anafundisha Kiswahili, huku akinoa Kiingereza chake na mbinu zake za kufundisha. Sifa ni shahada ya kwanza, umri wa miaka 21 hadi 29 na Kiingereza kilichothibitishwa kwa mtihani kama TOEFL. Unafundisha saa zisizozidi 20 kwa wiki na kusoma angalau masomo mawili kila muhula. Nauli na posho ni juu yao. Muda ukiisha unarudi nyumbani, na masharti ya viza yake yanakutaka ukae kwenu miaka miwili kabla ya kuomba kuhamia huko.

Darasani kule Marekani nilitandika kanga juu ya meza, nikapanga nyanya, vitunguu na ndizi. Mwanafunzi mmoja akawa muuzaji, mwingine mnunuzi. "Nyanya hii bei gani?" "Mia mbili." "Punguza, mama." Walipotaka kununua nyingi, wakakwama kati ya "hii" na "hizi". Sikutamka Kiingereza. Nilishika nyanya moja, nikasema. Nikashika tatu, nikasema tena, mpaka wakaanza kusahihishana wenyewe. Kuijua lugha ni jambo moja, kumfundisha mgeni ni jambo jingine kabisa, na hilo la pili ndilo waajiri wanalitafuta. Leo nafanya vivyo hivyo na wanafunzi wangu wa kidato cha kwanza, waliosoma shule ya msingi kwa Kiswahili na ghafla wanakuta karibu kila somo liko kwa Kiingereza. Wananielewa haraka zaidi kuliko zamani.

Sasa vyeti. Shahada ni lazima karibu kila mahali, na ya ualimu ina uzito zaidi. Ukitaka cheti cha kufundisha Kiingereza kwa wageni, tafuta chenye mazoezi ya darasani. CELTA ya Cambridge ina angalau saa 120 za mafunzo, na ndani yake saa sita za kufundisha wanafunzi halisi mbele ya mkufunzi. Cheti cha kulipia mtandaoni usiku na kukipokea asubuhi hakitakusaidia. Kwa upande wa Kiswahili, nenda BAKITA, baraza lililoundwa mwaka 1967. Linatoa mafunzo ya kufundisha Kiswahili kwa wageni na lina kanzidata ya wataalamu.

Kinachowakwamisha wengi ni kitu kidogo: jina. Cheti cha kidato cha nne kinasema Mwanahawa, cha kuzaliwa kinasema Hawa, kitambulisho cha NIDA kina jina la babu na pasi haina. Kurekebisha kunahitaji kiapo kwa wakili, wakati mwingine hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, na foleni za ofisi kadhaa. Tangazo la nafasi likishatoka, huna tena muda huo. Ongeza na cheti cha tabia njema cha polisi, kinachodai alama za vidole, halafu uhakiki wa nyaraka ambao nchi nyingi huutaka.

Nawasihi walimu wenzangu: msidharau Kiswahili mkidhani Kiingereza pekee ndicho kinachouzwa. Kinafundishwa katika vyuo vikuu vya Marekani kama Wisconsin-Madison, Indiana, Michigan State na Yale, na Agosti 2019 jumuiya ya SADC ilikifanya lugha yake rasmi ya nne, katika mkutano uliofanyika hapahapa Dar es Salaam. Anayeweza kufundisha lugha zote mbili kwa ustadi ana nafasi mara mbili. Toeni vyeti vyenu kabatini wiki hii, mlinganishe majina herufi kwa herufi, na anzeni kurekebisha sasa, kabla tangazo halijatoka.