Tarakimu 60

Basi lilipoiacha barabara ya Zambia pale Tunduma na kushika ya Sumbawanga, nilivuta zipu ya jaketi mpaka kidevuni. Baridi ya Ufipa mwezi Juni haina mzaha. Mji wenyewe uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mimi ni mtu wa Morogoro. Lami ni kilomita zaidi ya 220. Njiani niliona ntumba, yale matuta ya duara ambayo Wafipa hufukia nyasi chini yake zioze ziwe mbolea. Jirani yangu wa kiti ndiye aliyenieleza, akaongeza na maana ya jina la mji: tupa uchawi. Akaniuliza nafuata nini huko. Posa ya mdogo wangu, nikamjibu. Sikumwambia kwamba kazi yangu ilikuwa kushika simu.

Baba yetu alishafariki, na kaka mkubwa, aliyepaswa kusema mbele ya wakwe, yuko Leicester, Uingereza. Wakwe walikubali ashiriki kwa simu, ila asiwepo mtazamaji mwingine. Walishaumwa na nyoka: kwenye posa ya binti yao wa kwanza, kijana mmoja alirusha mubashara kila kitu, na mahari ikajadiliwa mtaani kabla wageni hawajanawa mikono.

Tukatumia WhatsApp, simu mbili tu. Tangu 2016 mazungumzo yake husimbwa kutoka simu hii hadi ile, hata kampuni yenyewe inapitisha mzigo isioweza kuufungua. Kaka, mtu wa mashaka, hakuridhika. Saa nne asubuhi, kwake saa mbili, akataka tulinganishe msimbo wa usalama: tarakimu 60, mafungu 12 ya tano tano. Nikaanza kusoma kwa sauti pale sebuleni. Nikiwa fungu la nne, mzee wa upande wa binti akamwinamia mshenga wetu.

"Wanahesabu nini hawa? Mahari hata hatujaitaja."

Nyumba nzima ikacheka, na kaka huko aliko.

Tarakimu zililingana. Nikaiegemeza simu kwenye chupa ya chai, karibu na dirisha ambako mtandao ulishika vizuri kidogo. Hapo ndipo mzee alipomwona kijana kwenye benchi la nyuma, simu yake imeinuliwa kifuani. Hakufoka. Aliagiza ungo, ukapitishwa kama sadaka, simu zote zikaingia, hata kitochi cha shangazi kisicho na kamera. Yangu tu ikabaki. Sijaona programu iliyofanya kazi ile ya ungo.

Kisha akaisogelea simu yangu.

"Na wewe, mwanangu, chumbani humo uko na nani?"

Kaka akazungusha simu: kitanda, suruali juu ya hita, dirisha lenye mvua.

"Fungua na mlango."

Akafungua. Shemeji alikuwa amesimama hapo hapo, kikombe mkononi. Akapiga goti kwenye zulia.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba," mzee akasema. "Huyo aingie."