Mlima wa Asubuhi, Bibi wa Jikoni

Msomaji, kama umewahi kulala Moshi unajua: Kibo hutoka alfajiri, ukizubaa na chai wingu limeshaufunika. Nilifika na Canon ya dijitali ya mtumba, lenzi yake ile ya kawaida ya 18-55, na akiba ya kununua lenzi moja tu. Washikaji pale mnara wa saa walinikomalia: chukua 70-300 ya kuvuta mbali, bwana, mlima una mita 5,895!

Nikaazima ya mmoja wao. Kweli, barafu ya Kibo ilisogea mpaka puani.

Mchana nikapanda haisi hadi Marangu kwa bibi. Jikoni kwake moshi, nje migomba imeziba mwanga, naye kutoka hataki. "Mjukuu wangu, ndizi zitaungua." Picha yake pekee tuliyo nayo ni ya kitambulisho. Nikapiga 12, zote zimetikisika. Flashi nayo ilimpausha kama kapakwa unga.

Nikarudi mjini nikanunua 50 ya f/1.8. Haivuti kabisa, ukitaka karibu sogea kwa miguu. Ila inaingiza mwanga karibu mara 10 ya 18-55 iliyovutwa mpaka mwisho, na kwenye Canon hizi za bei poa inabana kama ya 80, hivyo uso unakaa sawasawa.

Jumamosi nikamkuta bibi anamenya ndizi. Nikapiga 3 tu. Akatazama kwenye kioo cha kamera, akacheka: "Kumbe nimezeeka hivi!" Halafu akaniambia ningoje, akavae kitenge cha kanisani.